PAMPU YA DIZELI NA MWITO WA KURUDISHA LORI



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, mbolea, majosho na maziwa. Mwezi huu tutazungumza juu ya lori, kwa maana mazao yako hayaendi sokoni kwa miguu. Mtu aweza kulima vizuri, kupalilia vizuri na kuvuna vizuri, kisha akapoteza faida yake yote kando ya barabara, kwa sababu lori lililobeba viazi vyake limezimika mlimani. Na ikiwa ni maziwa, hasara ni kubwa zaidi, kwani maziwa hayamngoji fundi.

Wengine katika skimu zetu wana lori pamoja katika chama cha ushirika. Wengine wamenunua pikapu zao wenyewe, na wengine hukodi. Somo hili ni la wote hao. Neno lake kuu ni hili: kuna ubovu wa gari usioletwa na dereva wala na mwenye gari, bali ulitoka nalo kiwandani. Ubovu wa namna hiyo yampasa aliyelitengeneza gari aurekebishe kwa gharama yake. Lakini huenda asijue shamba lako liko wapi. Anayefaidika ni yule aliye na namba ya gari lake na karatasi zake, na ambaye huitikia mapema kabla chombo hakijavunjika.

Tafadhali lisome somo hili polepole. Kama wewe ni mjumbe wa kamati, wasomee wenzako mkutanoni.

1. KAZI YA PAMPU

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haifanyi hivyo. Ndani yake hewa hushindiliwa katika silinda mpaka ikawa moto sana, kisha dizeli hunyunyizwa humo, nayo huwaka yenyewe. Ili dizeli inyunyizwe kama ukungu, hapana budi isukumwe kwa nguvu nyingi. Hiyo ndiyo kazi ya pampu.

Malori mengi ya siku hizi yana pampu mbili. Ya kwanza ni ndogo, nayo huleta dizeli kutoka tangini na kuipitisha katika filta. Ya pili ni pampu ya presha kubwa, iliyofungwa kwenye injini. Hii huisukuma dizeli ndani ya bomba moja nene, na kutoka bomba hilo kila nozeli hupata sehemu yake. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamuru nozeli ifunguke wakati gani na kwa muda gani.

Nguvu ya pampu hii ni ya ajabu. Gurudumu la lori hujazwa upepo wa presha ya bari 7 au 8 hivi. Pampu tutakayoitaja katika somo hili hufikia bari 2,000. Fikiria mahali padogo kama ukucha wa kidole, sentimita moja kila upande. Sasa weka juu ya ukucha huo magunia 22 ya mahindi, kila moja kilo 90. Hiyo ndiyo nguvu inayoisukuma dizeli.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba vyuma vya ndani ya pampu hiyo husuguana mchana kutwa, wala havilainishwi kwa oili ya injini. Hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Kwa pampu, dizeli ni mzigo wa kubeba na pia ni mafuta ya kujipaka. Dizeli ikiwa na maji, au ikipungua hata hewa ikaingia, au ikichanganywa na mafuta ya taa, vyuma husagana.

2. KISA CHA MAREKANI

Huko Marekani wakulima na wafugaji hutumia sana pikapu kubwa zenye nguvu kuvuta trela za ng'ombe, za nyasi kavu na za mashine za shamba. Aina moja ya magari hayo huuzwa kwa jina la Ram, na yale mazito yaweza kununuliwa na injini ya dizeli ya Cummins ya lita 6.7. Kwa miaka mingi injini hiyo ilifungwa pampu ya Bosch ya Ujerumani iitwayo CP3. Katika magari ya mwaka 2019 na 2020 pampu hiyo ilibadilishwa, ikafungwa nyingine ya Bosch iliyo mpya zaidi, CP4.

Tazama tofauti yake. CP3 ina pistoni tatu. CP4 iliyofungwa katika magari hayo ina pistoni mbili, na kila pistoni husukumwa na kigurudumu kidogo cha chuma kinachobingirika juu ya mhimili wenye nundu. Kigurudumu kikikaa sawa, hubingirika vizuri. Kikigeuka upande, hakibingiriki tena, bali huburutwa na kukwaruza. Wewe umekwisha kuona mkokoteni ambao gurudumu lake limekaa upande: ng'ombe huvuta, gurudumu halizunguki, na ardhi yote hulimwa mfereji. Ndani ya pampu kinacholimwa ni chuma, na udongo wake ni unga wa chuma unaong'aa.

Dizeli nayo ina sehemu yake katika jambo hili. Wataalamu hupima ulaini wa dizeli kwa kusugua kipira cha chuma ndani yake, kisha hulipima kovu lililobaki juu ya kipira. Kovu likiwa kubwa, dizeli hiyo ni kavu. Kwa kanuni ya Ulaya kovu halipaswi kuzidi milimita 0.46. Kwa kanuni ya Marekani laweza kufika milimita 0.52. Basi Mmarekani aweza kununua dizeli iliyo halali kabisa kwao, na bado ikawa kavu kuliko ile inayotakiwa Ulaya.

Wenye magari walianza kulalamika kwamba injini huzimika ghafula safarini, wala haziwaki tena. Malalamiko yao yalifika katika idara ya serikali inayoangalia usalama wa magari barabarani, ijulikanayo kwa herufi NHTSA. Mwezi wa Oktoba 2021 idara hiyo ilifungua uchunguzi. Mwezi uliofuata, Novemba 2021, kampuni ilitangaza mwito wa kurudisha magari zaidi ya 222,000 huko Marekani. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuondoa pampu ya CP4, kufunga ile ya CP3, na kukagua vyombo vingine vinavyopitisha dizeli. Katika magari mapya ya mwaka 2021 kampuni ilikuwa imekwisha kuirudia CP3.

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Lakini lililo kubwa katika kisa hiki si pampu mpya na ya zamani. Kubwa ni kwamba mambo yalianza kusogea kwa sababu watu wa kawaida, wakulima miongoni mwao, waliandika malalamiko yao na kuyapeleka mahali panapohusika. Mtu anayelalamika gereji tu hasikiwi na mtu mwingine ila fundi.

3. KWA NINI PAMPU MOJA HUHARIBU VYOTE

Huenda ukasema, "Pampu ikifa, nitanunua nyingine." Hapo ndipo wengi hupata hasara mara mbili.

Unga wa chuma haukai ndani ya pampu. Husukumwa pamoja na dizeli kwa nguvu ile ile kubwa, ukaingia katika bomba nene, ukafika kwenye nozeli ambazo vitundu vyake ni vyembamba kama unywele. Zaidi ya hayo, dizeli isiyotumika hurudi tangini kwa bomba la kurudia, na unga huenda nayo. Basi tangi lenyewe limechafuka. Fundi akifunga pampu mpya na kuacha mengine yote kama yalivyo, amefanya kama mtu aliyepoteza ng'ombe kwa ugonjwa wa kupe, akanunua ng'ombe mwingine wa gharama, akamwingiza katika boma lile lile lililojaa kupe.

Kwa sababu hiyo, pampu ikisha kuvunjika, yapasa kukagua nozeli zote, bomba nene, mabomba madogo, bomba la kurudia, filta na tangi. Vilivyoharibika vibadilishwe, na tangi lioshwe. Hiyo si kazi ya asubuhi moja, wala si gharama ndogo. Lakini pampu ikibadilishwa kabla haijavunjika, kazi huwa nyepesi zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dalili za kuangalia ni hizi:

(a) Injini hukawia kuwaka asubuhi kuliko desturi yake.
(b) Gari hupoteza nguvu mlimani, hali mzigo ni ule ule wa siku zote.
(c) Taa ya onyo ya injini huwaka.
(d) Filta ya dizeli inapofunguliwa, mna unga unaong'aa kama fedha.

Ukiona dalili ya nne, simamisha kazi. Usilazimishe injini iwake, wala usiivute kwa kamba ili iwake. Kila mzunguko wa injini huzidi kusukuma chuma ndani ya nozeli.

Tena iko hatari ya roho za watu. Injini ikizimika gari likiwa katika mwendo, usukani huwa mzito na breki hupungukiwa na msaada wake. Dereva wako afundishwe mapema: ashike usukani kwa mikono miwili, akanyage breki kwa nguvu mara moja bila kuipigapiga, alitoe gari barabarani, awashe taa za hatari na kuweka alama nyuma ya gari. Dereva asiyejua hayo hushtuka, na mtelemko haumpi nafasi ya kufikiri.

4. MWITO NI KITU GANI?

Mwito wa kurudisha gari ni tangazo la mtengenezaji kwamba magari fulani, ya namba fulani, yana ubovu ulio hatari, na kwamba yaletwe yarekebishwe bure. Mara nyingine mtengenezaji hutangaza kwa hiari yake. Mara nyingine hutangaza kwa kuwa serikali inamchunguza.

Huko Marekani jambo hili lina sheria yake tangu mwaka 1966. Mtengenezaji akisha kuiarifu serikali juu ya ubovu, hupewa siku 60 kumpelekea kila mwenye gari barua. Ikiwa spea hazijawa tayari, barua ya kwanza hueleza hatari, na ya pili huita gari liletwe. Matengenezo huwa bure, ila kwa gari lililouzwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 15 kabla ya mwito. Na yule aliyetangulia kujilipia matengenezo yale yale kabla ya mwito aweza kuomba arudishiwe fedha zake, mradi aonyeshe risiti.

Usichanganye mwito na garantii. Garantii ni ahadi ya muda: ikipita miaka yake au kilomita zake, imekwisha. Mwito hufuata ubovu. Garantii yaweza kuwa imekwisha na mwito bado ukawapo. Tena mwito hufuata gari, haufuati mtu. Aliyelinunua gari mkono wa pili au wa tatu ana haki sawa na aliyelinunua jipya.

Kwa hiyo kuitikia mwito si fedheha, wala si kuomba msaada. Wako watu wanaoficha barua ya mwito wakidhani gari litashuka bei wakitaka kuliuza. Huo si werevu. Gari lililotengenezwa na lenye karatasi yake lina thamani kuliko gari linalongoja kuvunjika.

5. HATUA ZA KUFUATA

Tuwaze chama kimoja cha ushirika chenye lori la dizeli. Dereva amesikia kwamba magari ya aina yake yameitwa. Anamwendea mwenyekiti.

"Mzee, nasikia lori kama letu linaitwa lirudishwe kwa sababu ya pampu."

"Letu linakwenda vizuri, kijana. Tungoje mavuno yapite."

"Lakini Mzee, likizimika na mavuno juu, tutayashusha wapi?"

Dereva ana haki. Wakati mzuri wa kupeleka lori ni kabla ya mavuno, si katikati yake. Kamati ifanye hivi:

Kwanza, iandike namba ya chesisi. Si namba ya kibati cha nyuma, bali ile iliyopigwa katika chuma cha gari na kuandikwa katika logibuku. Katika magari mengi namba hiyo ina herufi na tarakimu 17. Magari yaliyouzwa kwanza Japani kwa matumizi ya Japani huwa na namba fupi kuliko hiyo, basi usidhani imekatwa. Hakikisha namba ya chumani na ya logibuku ni moja.

Pili, itafute kama namba hiyo imeitwa. Magari ya aina moja na mwaka mmoja hayaitwi yote sikuzote. Namba ndiyo inayoamua. Watengenezaji wengi, na serikali ya Marekani pia, wana mahali katika intaneti ambapo mtu huandika namba ya chesisi akajibiwa papo hapo. Kijana wa sekondari mwenye simu aweza kukusaidia. La sivyo, nenda kwa wakala wa gari hilo.

Tatu, iandike barua. Maneno ya mdomo hupotea. Barua yaweza kuwa fupi kama hii:

"Kwa Meneja. Bwana, sisi ni wenye lori la aina ya ........, la mwaka ........, namba ya chesisi ................ Limekwenda kilomita ........ Twaomba mtujulishe kwa maandishi kama lori hili limo katika mwito wowote wa kurudishwa, na kama limo, mwito huo una namba gani, spea zipo lini, na tulilete siku gani. Anwani yetu ni ........ Wako mwaminifu."

Weka nakala yake. Kama umeipeleka mwenyewe, nakala ipigwe muhuri wa tarehe.

Nne, siku ya kulipeleka gari, uliza maswali haya kabla ya kukabidhi ufunguo. Je, mtaibadilisha pampu au mtaikagua tu? Je, mtafungua filta kuona kama kuna unga wa chuma? Mkiuona unga, mtakagua nozeli na tangi pia, na gharama hiyo ni ya nani? Gari litakaa siku ngapi? Kama haliwezi kutembea, ni nani atakayelipa kulivuta? Majibu yaandikwe katika karatasi ya kazi ya gereji.

Tano, siku ya kulichukua, usitie sahihi kabla ya kusoma. Karatasi ionyeshe tarehe, kilomita, namba ya mwito, na namba ya spea iliyofungwa. Karatasi isemayo "pampu imetengenezwa" haitoshi. Pampu gani? Imetengenezwa au imebadilishwa?

Sita, fungua faili moja la lori. Humo ziwemo logibuku au nakala yake, risiti za kununulia gari, risiti za dizeli, tarehe za kubadili filta, barua na karatasi za gereji. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. SISI HUKU KENYA

Magari yale ya Ram yameundwa na usukani wa kushoto kwa barabara za Marekani, nayo ni nadra kwetu. Lakini somo lake latuhusu, kwa sababu watengenezaji wa nchi zote huita magari yao, na magari mengi tuyanunuayo ni kuukuu kutoka ng'ambo, hasa Japani.

Hapa ndipo penye shida yetu. Barua ya mwito hutumwa kwa yule ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la nchi ile. Gari likisha kupakiwa melini, barua yaenda kwa mtu wa Japani aliyekwisha kuliuza, na wewe uliye nalo Lugari au Kinangop hupati neno. Basi ukinunua gari la namna hiyo, usingoje kuitwa. Tafuta mwenyewe kwa namba ya chesisi siku ile ile ya kununua, au bora zaidi, kabla ya kutoa fedha. Kisha rudia kutafuta kila mwaka, kwani gari lisiloitwa leo laweza kuitwa mwakani.

Ikiwa lori lilinunuliwa jipya kwa wakala wa hapa nchini, hakikisha wakala ana anwani ya chama iliyo sahihi na namba ya simu inayopatikana. Kamati hubadilika, na simu ya mwenyekiti wa zamani si simu ya chama.

Ujue pia kwamba sheria ya Marekani haimfungi wakala wa Nairobi. Kwa hiyo usiende kwake na ugomvi, nenda na namba, barua na risiti. Akikataa, omba akataa kwa maandishi pamoja na sababu yake. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora ufaao, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na ubovu wa bidhaa. Tena iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Mwenye barua ya kukataliwa ana pa kuanzia, lakini mwenye hasira peke yake hana.

7. LINDA PAMPU YAKO

Si kila pampu inayokufa ni kosa la kiwanda. Nyingine huuawa na dizeli mbaya, na mtengenezaji akiona dalili ya maji au mafuta machafu, huenda akakataa kulipa. Basi mkulima ajilinde pande zote mbili.

Tangu Januari 2015 dizeli ya Kenya na jirani zetu wa Afrika Mashariki imetakiwa kuwa na salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hilo ni jema kwa hewa tunayovuta. Lakini kazi ya kuondoa salfa huondoa pia ulaini wa asili wa dizeli, na kwa hiyo dawa ya kuirudishia ulaini hutiwa. Mtu akichanganya dizeli hiyo na mafuta ya taa ameuharibu ulaini huo tena. Uchanganyaji ulizidi hata mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya wadanganyifu ipungue.

Fanya haya:

(a) Nunua dizeli kwa kituo kinachojulikana, upewe risiti. Usinunue ya madebe kando ya barabara, hata ikiwa bei ni nafuu.
(b) Usiache tangi likauke. Hewa ikiingia, pampu husuguana bila mafuta.
(c) Mwaga maji ya filta kwa wakati uliowekwa katika kitabu cha gari, na zaidi wakati wa mvua.
(d) Badili filta kwa kilomita zilizowekwa. Tumia filta ya aina iliyotajwa kitabuni.
(e) Ukihifadhi dizeli shambani, pipa liwe safi, lifunikwe vizuri, lisimame kivulini. Usichote chini kabisa, maana maji na uchafu hukaa huko.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Ni kitu gani kinacholainisha vyuma ndani ya pampu ya presha kubwa?
2. Kwa nini haitoshi kubadili pampu peke yake ikisha kuvunjika?
3. Taja tofauti mbili kati ya garantii na mwito.
4. Kwa nini barua ya mwito haimfikii aliyenunua gari kuukuu kutoka ng'ambo?
5. Namba ya chesisi ya lori la chama chenu ni ipi?

Maswali manne ya kwanza majibu yake yamo katika somo hili. La tano limo katika lori lenyewe. Kama hakuna mjumbe wa kamati awezaye kulijibu leo, basi kesho asubuhi, kabla maziwa hayajapakiwa, mmoja wenu achukue kalamu na karatasi, apanguse vumbi, ainakili namba hiyo na kuitia katika daftari la chama.